Kiingereza cha Kupita Uani

Dada yangu alinipigia simu asubuhi moja nikiwa Katoro, nimekaa nje ya chumba changu nakunywa chai na kuangalia dereva wa bodaboda akigombana na mwenye guta juu ya nani ana haki na dimbwi la maji. Tukasalimiana kwa kirefu, salamu zote za mwangaluka zikaisha, akaulizia hata afya ya jirani yangu ambaye hampendi. Halafu akasema:

"Mdogo wangu, nataka Kiingereza."

"Kingi au kidogo?"

"Kidogo tu. Cha kupita uani."

Nimeombwa Kiingereza cha mtihani, cha usaili wa kazi, na mara moja nikaombwa cha kumkataa mchumba bila kumkasirisha. Cha kupita uani sikuwahi kuombwa. Nilikubali kabla ya kuelewa, kwa sababu Katoro ni mji ambao mtu akikujua leo anakuuliza unachimba dhahabu, unainunua au unasaga mawe yake, na mimi hujibu kwamba naandika makala. Wengi huniambia pole. Mtu wa namna hiyo akihitajika mahali hata kwa saa chache, haulizi mengi. Nilifunga chumba, nikapanda gari la Shinyanga, nikashuka Tinde.

Niseme kwanza shida ya dada yangu ilikuwa nini.

Kwetu Usukumani, kwa wale walioishika desturi, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutani uso kwa uso. Si ugomvi. Ni heshima iliyokolea mpaka ikawa umbali. Mkwe akitokea njiani, mama mkwe anaacha njia. Mama mkwe akiwa jikoni, mkwe hakai kwenye mlango wa jiko. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkononi, na wakilazimika kuongea, mmoja anaangalia ukuta. Siku hizi wengi wameachana nayo. Nimeona harusini Shinyanga mjini mama mkwe akicheza muziki na mkwe wake mpaka kilemba kikadondoka, na kesho yake wote waliamka wazima. Dada yangu hakuachana nayo. Anaamini kabisa kwamba mwanamke anayemtazama mkwe wake usoni hana tofauti na mwanamke aliyetoka nje akasahau nguo.

Kwa mkwe wa Kisukuma mambo haya hayahitaji hata neno. Mama mkwe anakohoa tu. Mkwe akisikia kikohozi anajua, anajisogeza nyuma ya nyumba kana kwamba amekumbuka jambo, mama anapita, maisha yanaendelea. Lakini binti wa dada yangu, mpwa wangu, aliolewa na Mghana, fundi mkuu wa mitambo katika mgodi mmoja upande wa Geita. Kijana mzuri, mrefu, mwenye kicheko kinachosikika kabla hajafika. Kiswahili chake ni cha kazini: simama, hatari, vaa kofia, twende. Na kikohozi cha Kisukuma hakijui.

"Mara ya kwanza alipokuja," dada alinisimulia nilipofika, "nikakohoa. Akaja na kikombe cha maji."

"Ukafanyaje?"

"Nikaingia bandani kwa kuku. Nikakohoa tena huko, vumbi la kuku. Kesho yake akaenda duka la dawa akaleta chupa ya dawa ya kifua. Chupa kubwa."

"Ulikunywa?"

"Nilimpa mbuzi."

Sasa mpwa wangu alikuwa amerudi Tinde kujifungua, amepata mtoto wa kike, na alitakiwa akae kwa mama yake mpaka mtoto apate nguvu. Mumewe alikuwa anakuja likizo. Na mpwa wangu, ambaye alikwisha kumwona mama yake akitoka bandani na manyoya kichwani, alikuwa ametamka neno: safari hii mama akikimbia tena, yeye anachukua mtoto na kuhamia Geita na mumewe, huko atatafuta dada wa kazi wa kumsaidia.

Nyumba ya dada yangu, tangu shemeji afariki, ilikuwa na redio na kuku. Sasa ilikuwa na mtoto. Dada alikuwa akimwogesha, anamkanda, anamwimbia nyimbo za utotoni mwetu nilizodhani zimepotea. Alipokuwa ananieleza habari ya kwenda Geita alikuwa akipepeta choroko, na aliendelea kupepeta baada ya choroko kuwa safi.

"Kwa hiyo nifundishe," akasema. "Niwe nasema kabla sijatokea. Nakuja. Napita. Naingia jikoni. Asikie, apishe. Mtoto abaki."

Ndipo nilipojua nimeitwa kufundisha nini. Niliketi vizuri zaidi kwenye kigoda, kwa sababu kama kuna kitu ambacho serikali ya nchi hii ilihakikisha nimekipata, ni wakati uliopo unaoendelea wa Kiingereza.

Sisi tulifundishwa kwa vitendo. Mwalimu wetu wa shule ya msingi alikuwa akisimama mbele ya darasa na kutangaza, "I am walking to the door," huku anatembea kweli kuelekea mlangoni. Akifika anageuka: "What am I doing?" Na sisi, kwa sauti moja iliyotisha ndege juu ya bati: "You are walking to the door!" Alikuwa hafanyi hivyo, alikuwa amesimama, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia. Halafu alifungua mlango. Mlango wenyewe haukuwepo, ilikuwa nafasi ya mlango, hivyo alifungua hewa. Alifunga na madirisha, hewa vilevile. Tulikua tukiamini kwamba Uingereza ni nchi ya watu wanaozunguka chumbani wakifunga na kufungua vitu na kutoa taarifa.

Nilikwenda chuo kikuu nikasoma lugha. Nilisoma juu ya nyakati na hali za vitenzi mpaka macho yakaniwasha. Na katika miaka yote hiyo nilisubiri kwa hamu Mzungu asimame mbele yangu, atembee mpaka mlangoni, ageuke aniulize anafanya nini. Nilikuwa tayari. Hakutokea.

Kwa hiyo somo la Tinde lilikuwa pia kisasi changu. Nilimfuata dada jikoni, nikasimama kama mwalimu wangu alivyosimama, tumbo mbele.

"Sema: I am cooking."

"Ayamu kukingi."

"Vizuri. Unafanya nini sasa?"

Dada alinitazama. "Huoni?"

"Naona. Lakini sema."

"Mdogo wangu. Umesoma mpaka ukavaa joho. Mwiko uko mkononi, sufuria iko motoni, ugali unafuka moshi mbele ya pua yako. Unaniuliza nafanya nini?"

"Ndiyo mazoezi."

"Kwa hiyo Waingereza wanaambiana kitu wanachokiona?"

Nilianza kumweleza kwamba hali ya kuendelea ina matumizi mapana, kwamba tendo huchukuliwa likiwa katikati ya kutendeka, na nadhani nilifika hata kwenye mipaka ya ndani ya tendo, maana nakumbuka ugali uliungua. Dada alinisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Nimeelewa," akasema. "Ni kikohozi, ila cha maneno."

Sijasoma mahali maelezo mafupi kuliko hayo, na ninasikitika kwamba yalipatikana baada ya mimi kumaliza kulipa ada.

Kuanzia hapo alikuwa anaenda mbio. Ayamu kamingi. Ayamu pasingi. Ayamu goingi. Ayamu bathingi, hili kwa ajili ya bafu la mabati lililo nyuma ya jiko, kwa sababu njia ya bafuni inapita dirisha la sebule na hapo ndipo hatari ilikuwa kubwa kuliko kote. Alifanya mazoezi kwa kuku. Alifanya mazoezi kwa mbuzi, yule wa dawa ya kifua. Aliamka anatangaza, analala anatangaza. Mpwa wangu alitoa kichwa dirishani na mtoto begani akasema, "Mjomba, umemfanya nini mama?" Nikajibu kwa fahari kwamba nimemfungulia dunia.

Mkwe akaja Jumamosi, na gari lililojaa nepi, maboksi ya sabuni na mkungu mzima wa ndizi. Sisi wanaume tulisalimiana, tukakaa sebuleni. Mimi nilikaa kiti kinachotazama uani, kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi wake apande jukwaani. Dada alikuwa jikoni. Alitakiwa kubeba ndoo ya maji kutoka kwenye pipa mpaka chumba cha mzazi, akikatiza uani.

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa jiko, wazi, tamu, kila silabi mahali pake.

"Ayamu kamingi!"

Mkwe aliruka kwenye kiti kama aliyechomwa. Uso wake ukajaa furaha. "She is coming!" akaniambia, kana kwamba tulikuwa tukimsubiri rais, na kabla sijameza chai alikuwa ameshafika katikati ya ua, mikono miwili mbele, kichwa kimeinama kwa adabu, kumpokea mama mkwe ndoo.

Sikuona vizuri kilichofuata kwa sababu ndoo ilikuwa hewani. Niliona kanga ikipanda usoni. Niliona mgongo wa dada yangu, mwanamke mwenye magoti mabovu, ukiingia bandani kwa wepesi nisioujua. Kuku wakatoka wote. Mkwe alibaki na ndoo tupu na suruali iliyolowa, akiniangalia kwa mshangao wa mtu aliyefanya kila kitu sawasawa.

"Nimekosea?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ndoo ilikuwa nzito," nilisema. Ndicho nilichoweza.

Mchana akatangaza kwamba anapita. Mkwe akatoka kumpa kampani. Akatangaza kwamba anakwenda. Mkwe akamfuata kwa hatua za heshima mpaka kwenye pipa, yeye akizidi kukaza mwendo, naye mkwe akizidi kukaza, mpaka wakawa wamezunguka nyumba. Mpwa wangu alikuwa dirishani. Nilisikia zipu ya begi.

Jioni jua likiwa bado juu ya mapaa, dada akafikia neno la mwisho alilokuwa nalo.

"Ayamu bathingi," akasema, kwa sauti ya chini sasa, sauti ya mtu anayeomba.

Mkwe hakuinuka. Nilishusha pumzi. Nikaona somo limefika, kuna mambo ambayo binadamu wote wanayaelewa. Nikafunga macho kidogo. Nilipofumbua kiti chake kilikuwa kitupu, na jikoni kulikuwa na mlio wa sufuria. Kumbe kwao, kama alivyonieleza baadaye, mtoto mwenye malezi hamwachi mzazi mzee aoge maji baridi. Alichemsha maji. Akayapima kwa kiwiko. Akayabeba mpaka kwenye mlango wa bafu la mabati, akayaweka chini, na ili mama asipate tabu ya kumwita, akasimama hapo hapo, mgongo umegeuka kwa adabu, akatangaza:

"I am waiting, Mama!"

Ndani ya bafu palikuwa kimya. Bafu lile lina mlango mmoja. Maji yakapoa, mkwe akayarudisha jikoni kuyapasha, na dada nadhani alipima umbali wa kwenda bandani akaona hatafika, maana mkwe alirudi akamkuta bado yumo. Mtoto akaanza kulia chumbani, kilio kile cha kutaka kukandwa, na nikaona juu ya bati vidole vya dada yangu vimeshika ukingo, halafu vikaachia.

Ilibidi nimwite mkwe aje aniangalizie kitu kwenye simu yangu ambacho hakikuwa na kasoro.

Mtu atauliza kwa nini mimi, mwenye Kiingereza chote hicho, sikumwambia tu. Nilimwambia. Nilimtoa nje mpaka barabarani, tukatembea pembeni mwa malori yaliyoegeshwa, nikamweleza. Lakini ni vigumu kumwambia kijana mpole aliyeleta mkungu wa ndizi kwamba akimwona mama mkwe wake akimbie. Nilitafuta lugha ya kistaarabu. Nilianza mbali, kwenye koo na ukoo, nikapitia maana ya heshima katika jamii za wafugaji, na nikasisitiza neno heshima mara nyingi sana, nikidhani ndilo lenyewe.

"Anko," akasema, mkono kifuani, "nimeelewa kabisa. Kwetu pia mama mkwe anaheshimiwa mno. Nitaongeza bidii."

Na akaongeza. Asubuhi iliyofuata alikuwa amesimama nje ya jiko toka alfajiri, amechana nywele, akimsubiri mama atoke amsalimie.

Nilimwendea mpwa wangu. "Wewe ulimwambia nini kuhusu mama yako?"

Aliangalia pembeni. "Nilimwambia mama ana aibu."

"Aibu?"

"Ningesemaje, mjomba? Kwamba mama yangu akikuona anaingia kwa kuku kwa makusudi? Nikamwambia ana aibu kwa watu wageni, akizoea ataacha. Ndiyo maana anajitahidi amzoeshe."

"Ungemwambia ukweli."

"Na wewe ulimwambia?"

Mpwa wangu alikuwa anakunja nguo za mtoto. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilinitisha. Alikuwa amechoka. Alisema mama hali, mama hapumziki, jana alikaa bafuni mpaka midomo ikamkauka. Mume wake anajiona amekosea bila kujua kosa. Yeye mwenyewe maziwa yanakatika kwa mawazo. Kwa hiyo waondoke leo mchana. Mama atakuja Geita kusalimia mtoto akikua.

"Atakujaje Geita?" nikasema. "Huko mtakaa nyumba moja na mumeo, na hakuna banda la kuku."

"Basi atamwona mtoto kwenye simu."

Dada alizipokea habari hizo akiwa jikoni. Hakulia. Alisema, "Haya. Lazima mzazi anywe uji kabla ya safari," akabandika uji wa ulezi. Nilikaa naye. Nilitaka kumwambia kwamba matamshi yake yalikuwa mazuri sana, ila niliona si wakati wake.

Mkwe alikuwa analeta gari mlangoni kupakia mizigo. Geti la dada ni jembamba, limejengwa kwa kupimia baiskeli, na ilibidi aingize gari kinyumenyume. Aliniomba nisimame nyuma, upande wa kulia, mahali anaponiona kwenye kioo. Kisha, kabla ya kugusa gia, alitoa kichwa nje ya dirisha akapaza sauti uani kote:

"I am reversing!"

Wakati huohuo dada alikuwa anatoka jikoni na bakuli la uji. Neno hilo sikumfundisha. Lakini alisikia mwisho wake, ile ingi, na kwa siku zote za mazoezi alikuwa ameshajifunza kitu kimoja kuhusu ingi: mtu yuko njiani, pisha. Akapiga hatua moja nyuma, akaegemea ukuta wa jiko, akavuta kanga usoni, akatulia kama nguzo mpaka gari likasimama.

Mkwe alizima injini. Alishuka taratibu akanijia, ananong'ona kana kwamba tuko kanisani.

"Anko. Mama aliwahi kufanya kazi mgodini?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Nimetangaza, amepisha. Amesimama ninapomwona. Hajatikisika mpaka nimezima. Nina vijana kazini nawafundisha hilo kila wiki na hawawezi."

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia jambo jingine, nikaufunga. Kuna wakati mtu unaona wazo linakuja kwako kutoka mbali kabisa, na kwa mara moja unakuwa na busara ya kutolikatiza.

"Kazini kwenu," nikasema, "yale magari makubwa ya kubeba mawe..."

"Madampa."

"Dampa likitangaza kwenye redio kwamba linakuja, unafanya nini?"

"Napisha. Kila mtu anapisha. Tairi lake tu linanizidi urefu."

"Huendi kulipokea?"

Akacheka kicheko chake kile. "Anko! Kulipokea dampa?"

"Hata kulisaidia kubeba mawe huendi? Au kulisindikiza?"

Aliendelea kucheka kidogo, kisha kicheko kikapungua, kisha kikaisha. Aligeuka akautazama ukuta wa jiko, na kanga iliyokuwa inachungulia pembeni yake.

"Mama mkwe wako," nikamwambia, "ni dampa."

Alikaa kwenye bampa la gari. Nilimwacha. Niliona anarudia mambo yake kichwani moja baada ya jingine.

"Ile ndoo," akasema.

"Ndiyo."

"Na nilivyomfuata kuzunguka nyumba."

"Ndiyo."

"Na bafuni." Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Anko, nilisimama nyuma ya dampa na maji ya moto."

"Hasa bafuni," nikasema.

Mpwa wangu alikuwa ametoka na begi, amesimama kwenye ngazi, anatuangalia. Nilidhani mkwe angekwenda kuomba radhi, na nikajiandaa kumzuia maana ingetuchukua mwezi mwingine. Hakwenda. Alisimama, akajifuta mikono, na mtu wa kazi akarudi ndani yake.

"Na anayesikia anajibu nini?" akaniuliza.

"Kujibu?"

"Kazini dampa halitembei mpaka lijibiwe. Kusikia tu haitoshi, dereva atajuaje umesikia? Ndiyo maana mama anakimbia. Hakuna anayemjibu."

Katika mtaala wangu wote jambo hilo halikuwemo. Mwalimu wetu alifungua mlango wa hewa, tukampigia kelele anachofanya, basi. Hakuna aliyewahi kumwambia nimesikia, mwalimu, pita.

Mkwe alikwenda akasimama upande wa pili wa gari, mgongo kwa jiko. Nikaenda kwenye ukuta.

"Dada, sema."

"Niseme nini? Uji unapoa na wao wanaondoka."

"Sema kile cha kwanza."

Kwa sauti ndogo kama ya mtoto anayesomeshwa mbele ya mkaguzi: "Ayamu... kamingi."

"Copy, Mama!" mkwe akapaza sauti kutoka nyuma ya gari. "I am clearing!" Na tukasikia viatu vyake vikienda, vikizunguka nyumba, vikiishia mbali upande wa barabarani.

Dada hakujua kwamba kopi ni nimesikia, wala kwamba kuklia ni kupisha. Lakini sauti inayoondoka haihitaji kamusi. Alichungulia. Ua ulikuwa mtupu, una kuku wawili na mimi. Akaushusha ule upande wa kanga. Kisha akatembea, bakuli mikononi, katikati kabisa ya ua wake, taratibu, kwa mwendo ambao sikuwa nimeuona tangu mkwe afike. Hata nilidhani anauchelewesha makusudi. Akapanda ngazi, akampa mpwa wangu bakuli la uji. Bakuli lile ni la moto na halina mshikio, linataka mikono miwili. Mpwa wangu akaweka begi chini.

Begi lilikaa pale ngazini mpaka jioni, watu wakiliruka. Halafu mtu akalirudisha ndani. Sikuona ni nani.

Likizo iliyobaki ilikwenda kwa matangazo. Sebuleni ilitoka sauti nene, jikoni sauti nyembamba, na kati yao hapakuwa na mgongano hata mmoja. Mambo yakasonga mbele mpaka yakapita matarajio ya mwalimu. Mtoto alikuwa anakabidhiwa bila watu kuonana: dada anamlaza kwenye mkeka barazani, anatangaza, "Bebi izi silipingi. Ayamu goingi," anaingia ndani, mkwe anajibu kopi, anatokea upande wa pili anamchukua. Jioni walikaa kila mtu upande wake wa ukuta wa jiko, migongo karibu igusane na tofali katikati, wakipeana habari.

"Ayamu sitingi," dada anasema.

"I am also sitting, Mama."

"Bebi izi lafingi."

"I am laughing too."

Niliwahi kusogea kusahihisha kitu kidogo. Dada akanitazama. "Ayamu tokingi," akasema. "Wewe nenda ukafungie kuku."

Siku mkwe anarudi kazini tulitoka wote kumuaga, isipokuwa dada, ambaye alituaga akiwa nyuma ya dirisha la jiko lenye pazia. Mpwa wangu alibaki barazani na mtoto begani, nepi zimejaa kwenye kamba kutoka mwembe mpaka bafuni, nyingi kama nguo za shule ya bweni. Mkwe alifungua mlango wa gari akiwa amegeuzia nyumba mgongo, akapaza sauti kuelekea barabarani:

"Mama, I am going."

Jibu lilitoka nyuma ya pazia bila kusita. "Yu a kamingi."

Nilisogea dirishani. Ni tabia, siwezi kuiacha. "Dada," nikanong'ona, "huyo anaondoka. Hapo ilikuwa goingi."

"Najua anaondoka," akasema. "Namwona. Mbona unaniambia ninachokiona?"

Gari likatoka getini, likatangaza, dada akapisha huko huko jikoni ingawa palikuwa na ukuta mzima kati yao. Kisha akatoka uani, akajikohoza, akaenda kumchukua mtoto.